Radi imesimamisha mechi, nimejifungia kwenye gari: karibuni tupige stori za besiboli ya watoto

#1 Mama Kecha

Wakuu heshima zenu. Hapa nilipo ni saa saba na dakika arobaini mchana, Bongo najua ni saa mbili na arobaini usiku na wengi mmeshakula. Niko ndani ya gari, vioo vimejaa ukungu, kijana wangu wa miaka 12 yuko kiti cha nyuma na viatu vyake vya meno, anamalizia wali wa jana kwenye kopo. Mechi ilikuwa awamu ya nne, tunaongoza 5 kwa 4, mara king'ora. Radi.

Utaratibu wa huku ni huu: radi ikionekana, wote mnatoka uwanjani mnaingia kwenye magari, kisha zinahesabiwa dakika 30 tangu radi ya mwisho. Ikipiga nyingine dakika ya 29, mnaanza moja. Mpaka sasa tumeshaanza moja mara tatu. Kwa hiyo muda ninao, chaji ninayo, na nina jambo limenikaa rohoni.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na nne huu. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Leo tuko Westfield, Indiana, kaskazini ya Indianapolis, mwendo wa saa tatu kutoka nyumbani. Eneo hili lina viwanja 26 vya besiboli na softboli (ndugu yake wa mpira mkubwa zaidi). Ishirini na sita, sijakosea kuandika. Ukiegesha upande usio wako unatembea na mizigo mpaka unawakumbuka wabeba mizigo wa Kariakoo.

Juzi kazini dada mmoja wa nyumbani aliniuliza, "Hivi wewe wikiendi zako zote unazipeleka kwenye huo mchezo wa kusimama simama?" Nikacheka. Jibu la kumpa palepale sikuwa nalo. Nimelipata leo hapa kwenye mvua.

Kwanza mjue nilivyoingia. Mtoto akiwa na miaka 8 alirudi kutoka shule na karatasi ya kujiandikisha. Baba yake alitaka mpira wa miguu, mtoto akakataa katakata, sababu rafiki yake anacheza besiboli. Tukasaini. Siku ya mechi yake ya kwanza akaupiga mpira, ukapaa juu, juu, juu kabisa. Mimi nikaruka kutoka kwenye kiti, vigelegele vya Kitanga, leso hewani. Nikaja kugundua napiga kelele peke yangu. Mpira ulipaa ukashuka moja kwa moja kwenye glavu ya mtoto wa timu pinzani. Kumbe ukidakwa kabla haujagusa chini umetoka. Mama mmoja Mzungu pembeni yangu akanigusa bega akanambia, "Hata mimi ningeshangilia, ulikuwa mzuri." Huyo mama leo ndiye tunagawana naye chumba cha hoteli.

Sasa jibu. Wiki nzima mimi na mwanangu tunapishana mlangoni. Mimi naingia asubuhi na usingizi, yeye anatoka na begi. Jioni yeye anarudi, mimi naoga niende kazini. Tunaishi kwa vijikaratasi kwenye friji. Wikiendi ya mashindano ni saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, wawili ndani ya gari, na hana pa kukimbilia. Saa ya kwanza ni simu. Saa ya pili anaanza kunielezea mambo ya timu. Saa ya tatu ndipo yanatoka yale ambayo ningemuuliza nyumbani angenijibu "hamna kitu".

Halafu mchezo wenyewe. Watu wanausema una nafasi nyingi za bure. Ndiyo! Hizo nafasi ndizo utamu. Wazazi tunapanga viti vya kukunja nyuma ya wavu, mstari mmoja, mpira unarushwa, tunaangalia, halafu tunarudi kwenye maongezi yetu mpaka mpira mwingine. Ni baraza kabisa. Kwetu Tanga wazee wanakaa nje jioni, mtu anaongea, wote wananyamaza kidogo gari lipite, wanaendelea. Hapa badala ya gari unapita mpira. Mpira wa miguu haukupi hiyo nafasi, unakukaba dakika 90.

Radi tena. Tunaanza moja. Karibuni.

#2 Kijiti cha Muhogo

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

#3 Gongo la Mboto Mwisho

Dada hongera kwa uzi. Swali la kwanza: hicho kidude wanachopigia kwa Kiswahili kinaitwaje?

#4 Mama Kecha

Mkuu na hilo jina lako nilijua tu utauliza. Kamusi inasema ni gongo. Na ndiyo iliyoniletea kesi. Nilimpigia mama yangu simu nikamwambia kwa furaha, "Mama, mjukuu wako nimemnunulia gongo la dola 350." Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Baadaye akauliza taratibu, "Baba yake anajua?"

Ilibidi niwashe kamera nimuonyeshe. Sasa hivi akipiga simu anauliza, "Mlevi wangu hajambo?"

#5 Kijiti cha Muhogo

Nimecheka mpaka karanga zimenipalia.

#6 Jangwani Damu

Mama, sisi wengine tumezaliwa tunajua Simba na Yanga. Huo mchezo nimeshajaribu kuutazama kwenye kideo mara mbili, nikalala mara mbili. Tueleze basi, ila usitupeleke darasani.

#7 Mama Kecha

Sitakupeleka darasani, nitakuonyesha mpira mmoja tu.

Mwanangu ni kecha, yaani mdakaji, ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Amevaa kofia yenye nyavu za chuma, kinga ya kifua, kinga za miguu. Joto la Juni hapa si mchezo, akivua hizo nguo unazikamua. Mbele yake, kama mita 15, amesimama pitcha, mrushaji, juu ya kichuguu kidogo cha udongo. Watoto wa miaka 12 kwenye mashindano yetu wanarushia futi 50. Wakubwa ni futi 60 na inchi 6.

Kabla mpira haujarushwa, kecha anaweka mkono katikati ya mapaja ili timu pinzani isione, anaonyesha vidole. Kimoja, mpira wa kasi. Vitatu, mpira wa kudanganya, mkono unakwenda mbio lakini mpira unakuja unajivuta. Pitcha anatikisa kichwa kukataa au anainamisha kukubali. Sasa jioni, taa zikiwashwa, vidole havionekani vizuri. Mwaka jana natafuta rangi yangu ya kucha ya njano siipati, kuja kuangalia, kijana wangu yuko kibandani na timu yake kucha za mkono wa kulia zote njano inawaka. Nikataka kupiga kelele. Kocha akanambia ndivyo hata wakubwa wa ligi kuu wanavyofanya, wengine wanabandika stika. Basi. Baba yake mpaka leo anajifanya kalala usingizi siku ninapopaka hizo kucha.

Mpira unarushwa. Kwa kasi ya watoto hawa, tangu unatoka mkononi mpaka unafika ni kama nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo mtoto mwenye gongo aamue: nipige au niache. Akikosa, straiki. Akiuacha na umepita sehemu sahihi, straiki. Umepita pembeni, boli. Straiki tatu unatoka. Boli nne unatembea bure mpaka besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza. Watu watatu wakitoka mnabadilishana, wao wapige nyie mdake. Awamu sita kwa umri huu. Ukizunguka besi zote nne ukarudi nyumbani, yaani pale ulipoanzia kupiga, pointi moja.

Huku kona ya besi ya tatu yuko kocha anagusa sikio, kofia, mkanda, kifua, pua, kama mtu aliyepitiwa na upupu. Ile ni lugha. Mgusano mmoja tu ndio wa kweli, mingine ni chai.

Ukishajua vidole na upupu, hulali tena.

#8 Wa Voi

Lakini hii si ni raunda tu ile tulikuwa tukicheza primary? Wasichana ndio walikuwa wakitupiga vibaya sana. Kuna mmoja alikuwa akigonga mpira unaingia kwa shamba la mwalimu mkuu, tunatafuta mpaka kengele ya kwenda home.

#9 Mama Kecha

Wa Voi, hiyo raunda ni binamu yake kabisa. Mtafute huyo dada, mwambie huku kuna vyuo vikuu vinasomesha wasichana bure kwa softboli. Kachelewa tu.

#10 Mpare wa Dallas

Dada yangu, samahani nitakuwa mchawi wa sherehe. Mimi nimepita njia hiyo miaka mitatu na mwanangu, nikatoka. Mnawasimulia watu utamu, wasimulieni na bili. Timu unalipia. Jezi unalipia, seti mbili. Gongo linapitwa na mwili kila mwaka, mtoto akirefuka unanunua lingine. Kuingia uwanjani kumtazama mtoto WAKO unalipa getini. Kuna mashindano moja tulilazimishwa kulala hoteli zilizomo kwenye orodha yao tu, la sivyo timu haichezi, na bei yake ilikuwa juu kuliko ile niliyoiona mwenyewe kwenye simu, hoteli ileile!

Na mbaya zaidi, ukiangalia kulia na kushoto, watoto wanaofanana na wetu wangapi? Si kwamba hawana kipaji. Wazazi wao wako kazini Jumamosi. Mpira wa miguu Bongo tulicheza na soksi na mifuko ya nailoni. Huku mtoto wa miaka 9 anaambiwa bila pesa hakuna mchezo. Mimi nilitoka kwa hasira hiyo, na bado ninayo.

#11 Mama Kecha

Kaka, hukuharibu sherehe, umesema kweli na sitabishana. Msimu huu timu peke yake nimelipa dola 1,900 kwa mafungu manne. Hapo hoteli bado, mafuta bado. Lile gongo la 350 lilikuwa kosa la mama mgeni, nilimsikiliza kijana wa dukani. La sasa nimelinunua kwa mtu, limetumika, dola 90, linapiga vilevile. Glavu ya udakaji alirithi kwa kijana wa mtaani aliyehamia timu ya sekondari, na kwa kweli glavu iliyolainika ni bora kuliko mpya.

Kwenye timu yetu wako watoto wawili ambao wazazi wao hawawezi mafungu. Sisi wengine tunauza tiketi za bahati nasibu nje ya supamaketi, pesa inaingia kimyakimya, na watoto hawajui nani kalipiwa. Hiyo haijibu hoja yako. Ni kiraka. Na Jumamosi zangu mimi nimezipata kwa kukubali usiku wa Jumatatu mpaka Alhamisi ambao hakuna mtu anautaka.

Ligi za mtaani zipo bado, za bei nafuu, na hata ile maarufu kuliko zote, Little League, ilianza hivyo. Ilianzishwa mwaka 1939 na baba mmoja, Carl Stotz, pale Williamsport, Pennsylvania, ili watoto wa mtaani wapate pa kucheza. Fainali zake za dunia zipo tangu 1947 na mpaka leo zinachezwa jirani na hapo, South Williamsport, kila Agosti. Kama mtu anaanza leo, aanzie ligi ya mtaani. Haya mashindano ya kusafiri yangoje mtoto mwenyewe akusumbue.

#12 Mpare wa Dallas

Hapo nimekuelewa. Ila kile kiti changu cha kukunja bado ninacho, nakaa nacho uani.

#13 Kampala Road

Ndugu zangu, mimi naandika kutoka Kampala, Kiswahili changu mtanisamehe. Mmetaja Williamsport na hamkutaja Uganda? Hapana!

Mwaka 2011 vijana wetu walishinda kanda kule Kutno, Poland, wakapata tiketi ya kwenda Williamsport. Ingekuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika. Wakanyimwa viza, matatizo ya karatasi za umri na mambo ya vyeti vya kuzaliwa. Waliishia nyumbani. Timu ya Langley kutoka Kanada, ambayo ingecheza nao mechi ya kwanza, haikusahau. Januari 2012 watoto wale wa Kanada walipanda ndege wakaja Uganda kucheza ile mechi ambayo haikuchezwa. Fikirini, watoto wa miaka 12.

Mwaka huohuo, Agosti 2012, Lugazi walifuzu na viza zikatoka. Lugazi ni mji wa miwa, njia ya kwenda Jinja. Walifungwa mechi zao za mashindano, lakini mwishoni wakawapiga Gresham ya Oregon 3 kwa 2. Waamerika, kwao! Na 2015 Uganda ilirudi, ikaifunga Dominican Republic 4 kwa 1. Mtu anayejua besiboli anajua hiyo maana yake nini, kwa sababu Dominican mtoto anazaliwa na glavu.

Na wale vijana wengi walianza na glavu za kuazimana. Mmoja anadaka, akitoka anamwachia mwenzake.

#14 Mama Kecha

Kampala umenipa mwili kusisimka. Nimemsomea mwanangu hapa nyuma habari ya Langley. Kauliza kitu kimoja tu: "Nani alishinda?" Watoto hawa.

#15 Kampala Road

Mwambie hapa Kampala tunasema wote.

#16 Azania Mpaka Kufa

Na Tanzania isiachwe nyuma. Mnaosema mchezo huu haupo Bongo mmepita Upanga hamkutazama. Wajapani ndio walioleta, na pale Azania kuna uwanja wenyewe kabisa, umepewa jina la Koshien, ulizinduliwa 2018. Shule zinakuja kutoka mikoani kwenye mashindano.

Koshien yenyewe ni uwanja wa Japani, umejengwa 1924, ndipo fainali za sekondari zinapochezwa kila Agosti, taifa zima linasimama. Kuna desturi moja pale. Timu ikitolewa, wachezaji wanapiga magoti mbele ya kibanda chao, wanachota udongo wa uwanja kwa mikono, wanatia kwenye vimfuko, wanarudi nao nyumbani. Wanalia huku wanachota. Mwalimu wetu alipotuhadithia tukacheka. Tulipofungwa na shule fulani ya jirani, hakuna aliyecheka, na kuna mshikaji alichota kweli, akatia kwenye soksi. Mama yake akaifua.

#17 Gongo la Mboto Mwisho

"Mama yake akaifua" 😂😂 Nimekufa.

#18 Daktari wa Viungo

Uzi mzuri. Naingilia kama mtu wa mazoezi ya viungo, nafanya kazi na watoto wanaorusha. Wazazi, hesabuni mipira. Kiwango kinachotumika kwa umri wa miaka 11 na 12 ni mipira isiyozidi 85 kwa siku. Na kwenye ligi yenye sheria hizo, mtoto akirusha 66 au zaidi anapumzika siku nne. Kiwiko cha mtoto bado kinakua, kuna sehemu laini ya ukuaji ndani ya mfupa ambayo inavutwa kila anaporusha. Ninaowapokea mimi wengi si wale walioanguka. Ni wale walioshinda sana: Jumamosi karusha mechi mbili, Jumapili timu imefika fainali, kocha anamwangalia yeye tena.

Na mtoto anayechezea timu mbili, kila kocha anahesabu zake. Anayejumlisha ni wewe mzazi.

#19 Mama Kecha

Daktari, nina kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia abiria. Nilipewa jukumu hilo sababu kocha anasema mimi ndiye nisiyemwogopa. Pitcha wetu mkubwa jana alifika 71, leo hagusi kichuguu, amevaa koti anauza sura. Baba yake aliinuka kidogo. Nikamwonyesha namba kwenye kidude, akakaa.

Na kwa makecha pia kuna sheria kwenye ligi ya mtaani: mtoto akidaka awamu nne au zaidi haruhusiwi kurusha siku hiyo. Kudaka kunachosha mkono pia, kila mpira anarudisha.

Radi imekaa kimya dakika 16. Msinishangilie.

#20 Bint Pangani

Dada wa Tanga, sijakusikia unasema chakula. Mtu wa Tanga anakaa uwanjani siku nzima hajataja chakula?

#21 Mama Kecha

Haya, hilo nilikuwa nalihifadhi.

Besiboli ya huku huwezi kuitenga na mbegu za alizeti. Watoto wanakaa kibandani, wanatia konzi mdomoni, wananyonya chumvi, wanapasua kwa meno, wanatema maganda. Ukipita kibandani mwisho wa mechi unakanyaga maganda kama umepita nyumba ya kuku. Mei mwaka huu wifi yangu alikuja kutoka Unguja na kilo mbili za ubuyu, ule mwekundu, wenye pilipili kidogo na iliki. Nikaona: si kitu kilekile? Unanyonya, unatema kokwa. Nikawapelekea.

Wakuu, ule ubuyu uliisha kabla ya awamu ya tatu. Sasa mtoto wetu wa besi ya pili akatoka kwenda kupiga, akamgeukia mwamuzi kumsalimia. Mwamuzi akasimamisha mechi. Akamwita kocha, akamwambia mtoto huyu anatoka damu mdomoni. Kocha anakuja mbio, anamfungua mdomo, meno yote mekundu, ulimi mwekundu, kidevu chekundu. Anageuka kibandani, watoto kumi na mmoja wanamtazama, wote wekundu. Timu pinzani wanaangaliana. Mimi nyuma ya wavu nimejificha uso kwa leso.

Ilibidi niende kueleza. Nimeeleza mbuyu kwa mwamuzi mzee wa Ohio, mti, tunda, kokwa, sukari, rangi. Akaninyooshea kiganja, nikamwekea mbili. Akanyonya. Akarudi nyuma ya kecha, akavaa barakoa yake, tukaendelea. Awamu iliyofuata nilimwona anatema kokwa pembeni.

Sasa kila Alhamisi ujumbe kwenye kundi la wazazi: hali ya hewa, rangi ya jezi, na "buyu" ipo?

#22 Bint Pangani

Heee! Nakutumia mfuko mwingine. Sema anwani PM.

#23 Jangwani Damu

Mimi hapa nimeshafungua ramani kutafuta Westfield. Mama unatuharibu.

#24 Mama Kecha

Dakika 27. Namwona mzee wa uwanja ametoka na toroli la udongo mkavu wa kunyonya maji, wanaumwaga kwenye besi na kwenye kichuguu, wanakwangua kwa reki. Makocha wanawasaidia. Kijana wangu ameshaanza kufunga kinga za miguu humuhumu garini, ananipiga mateke kwenye kiti.

Leo ni Jumapili, mtoano. Jumamosi ni mechi za kupanga nafasi tu, unaweza kufungwa na ukaendelea. Leo ukifungwa unafungasha.

King'ora kirefu kimoja. Ndiyo. Naenda.

#25 Kijiti cha Muhogo

Mungu ibariki timu ya kucha za njano.

#26 Gongo la Mboto Mwisho

Saa nzima imepita. Mama vipi?

#27 Jangwani Damu

Hii presha si ya kawaida, kesho nina kazi na siwezi kulala sababu ya watoto wa Ohio.

#28 Mpare wa Dallas

Mechi zikitoka kwenye mvua huwa ndefu. Mpira umelowa haukamatiki, boli zinakuwa nyingi. Vumilieni.

#29 Mama Kecha

Nimerudi. Niko kituo cha mafuta Richmond, mpakani, Ohio iko palee.

Tumefungwa 7 kwa 6.

Awamu ya mwisho, wako wawili wametoka, tunaongoza 6 kwa 5, wao wana watu besi ya pili na ya tatu. Mpira ukapigwa kulia, chini, ukateleza kwenye majani mabichi. Wa besi ya tatu akaingia, 6 kwa 6. Wa besi ya pili naye hakusimama, kocha wao anazungusha mkono kama pangaboi. Mtoto wetu wa kulia akauokota, akaurusha moja kwa moja nyumbani. Nimeuona ule mpira tangu unatoka. Mwanangu amevua kofia ya chuma, yuko mbele ya sahani ya nyumbani, goti moja chini, mkono umenyooka. Mpira na mkimbiaji vikafika pamoja. Matope yakaruka mpaka kwenye wavu.

Mwamuzi hakusema kitu. Aliinama. Akatazama glavu. Mpira ulikuwa umelala chini, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye glavu, umelowa, mweupe kabisa.

Akanyoosha mikono: salama, pointi yao ya saba.

Mwanangu aliendelea kukaa pale kwenye matope. Yule mkimbiaji wa upande wa pili, badala ya kwenda kurukaruka na wenzake, alimpa mkono akamwinua. Nimemshukuru mama yake kwenye maegesho, sijui hata jina lake.

Tumeendesha saa moja na nusu kimya. Simu hakuishika. Tulipopinda kuingia hapa Richmond akasema, "Mama, niliudaka. Ulikuwa umeingia kabisa. Halafu ukatoka." Nikamwambia nilikuona. Akasema anaomba chipsi, za kubwa. Na tukaanza kuongea, na kuna jambo la shule limetoka hapa ambalo sitaliandika, ni lake. Niwaambie tu kwamba tumesimama hapa dakika arobaini na mafuta nilishajaza zamani.

#30 Daktari wa Viungo

Pole kwake. Mkono wake hauumi?

#31 Mama Kecha

Hauumi. Amenionyesha anavyouzungusha, akamwaga chipsi.

#32 Azania Mpaka Kufa

Poleni sana mama. Swali moja tu. Udongo alichota?

#33 Mama Kecha

Hakuchota. Umejileta wenyewe. Upo kwenye mkeka wa gari, kwenye mkanda wa kiti, kwenye kopo la wali, na mwingine sijui umefikaje juu ya dari. Wikiendi ijayo tuko Dayton, saa mbili asubuhi, kwa hiyo sifui kitu mpaka Julai.